Orodha ya Mchukuzi

Jumamosi ile saa kumi jioni fundi miwani alirudi kutoka kazini, akanawa vumbi la kioo lililokuwa limeganda kwenye kucha, akavuta kiti hadi kwenye meza ya sebuleni, ile yenye mguu mmoja uliotiwa kadibodi ili usiyumbe, akawasha kompyuta. Mkewe, mwalimu wa hesabu, alikuwa kwenye kochi anasahihisha madaftari. Binti yao wa miaka kumi na moja alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, anachora ramani ya nchi isiyokuwapo. Shangazi wa fundi alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, anafuma sweta ambalo hakuna aliyeliomba.

Kila mtu ana ugonjwa wake. Wapo wanaofuga njiwa, wapo wanaokusanya stempu, na wapo wanaoosha gari lilelile mara tatu kwa siku. Ugonjwa wa fundi ulikuwa Mchukuzi.

Kompyuta yake haikuwa zile za dukani zenye madoido. Ilitumia mfumo huria, ule unaotengenezwa na watu wa kujitolea na kugawiwa bure, ambao yeyote anaruhusiwa kuufungua tumbo akaangalia ndani. Kwenye mifumo hiyo, ukitaka programu huendi dukani. Unafungua dirisha jeusi, unaandika amri moja, na kuna karani asiyeonekana anayekwenda kukuletea. Makarani wa namna hiyo wapo tele, na ni wazuri, lakini fundi hakumpenda hata mmoja. Alisema wanauliza maswali mno. Basi akajitengenezea wake, kwa Jumamosi za miaka minne, akamwita Mchukuzi. Ukiandika "mchukuzi leta kalenda", analeta kalenda pamoja na kila kitu ambacho kalenda inakihitaji ili ifanye kazi, na kila ambacho hicho nacho kinakihitaji, mpaka ukoo mzima umefika. Watu arobaini na mmoja duniani walikuwa wanamtumia Mchukuzi, na fundi hakuwahi kuuona uso wa hata mmoja wao.

Siku hiyo alikuwa anamalizia amri mpya iitwayo fagia. Kazi yake ilikuwa kuondoa vitu vilivyobaki bila kazi. Mchukuzi alipaswa kumwendea kila mkazi wa kompyuta na maswali mawili tu: Uliombwa kwa jina? Kuna anayekuhitaji? Aliyejibu hapana kwa yote mawili alikuwa wa kufagiwa. Daftari la walioombwa fundi alilifunga kabisa, kwamba kilichoandikwa siku ya kufika hakibadiliki, asije mtu akaghushi baadaye. Akapanga ufagio upite kila Jumamosi saa kumi na moja jioni, wenyewe, bila kumuuliza mtu kama ana uhakika.

"Mtu mzima akisema fagia, amesema fagia," alimwambia mkewe, ambaye hakuwa amemuuliza.

Akawatumia wenzake arobaini na mmoja. Saa kumi na moja kamili majina yakaanza kupanda kwenye dirisha jeusi, moja baada ya jingine. Thelathini na moja yalikuwa ya programu kuukuu ambazo alizisahau mwenyewe. Saba ya mwisho hayakuwa ya programu. Mchukuzi aliandika kwamba amefagia kifuniko cha chupa ya chai iliyovunjika mwaka juzi, funguo nne zisizo na kufuli, soksi moja ya kijani na mwavuli uliokatika mbavu. Mkewe alikwenda jikoni akavuta droo ya makorokoro.

"Heee! Leo imefunguka bila kukwama," alisema. "Afadhali. Hii programu yako angalau ina faida."

Fundi alifurahi. Kusema kweli, ilikuwa mara ya kwanza kusifiwa nyumbani kwa ajili ya Mchukuzi.

Jumatatu barua zikaanza kuingia. Ya kwanza ilitoka kwa mtumiaji aliyejulikana kwa jina la Kobe, kwa sababu alikuwa mzito wa kujibu. Safari hii Kobe aliwahi. Aliandika hivi: "Baada ya kufagia, babu aliyekuwa anakaa chini ya ngazi za jengo letu hayupo. Stuli yake haipo pia. Zamani alikuwa anafungua lango kwa mkono, kabla halijawekewa umeme. Sisemi ni hitilafu. Nauliza tu kama ndivyo ilivyokusudiwa."

Fundi aliisoma mara tatu. Akafungua maandishi ya Mchukuzi, akapita mstari kwa mstari akiwa ameweka kidole kwenye kioo. Babu hakuombwa na wakazi wa jengo, alikuja na lango. Lango lilikuwa halimhitaji tena. Hapakuwa na kosa popote. Akamjibu Kobe: "Ndiyo, ndivyo." Alipokwisha kuituma ndipo jasho jembamba likamtoka, akabaki amejiziba mdomo kwa kiganja kama mtu aliyetoa siri ya watu.

Kufikia Jumatano zilikuwa barua tisa. Aliyetoweka kwa mmoja alikuwa mpiga chapa wa zamani, kwa mwingine mama mkwe, kwa mwingine mtu ambaye mwandishi wa barua hakumkumbuka vizuri ila kilikuwapo kitanda chake. Wote waliandika kwa adabu, na wawili walishukuru kwa nafasi iliyopatikana. Fundi aliwaandikia wote arobaini na mmoja: acheni kutumia fagia, inachukua watu. Akafuta mistari yote ya amri ile. Akazima kompyuta, akachomoa waya, akaifunga kwa shuka na kuipeleka kiwandani kwake, akaiweka kwenye kabati la fremu za miwani na kugeuza ufunguo mara mbili.

Jumamosi ya pili familia ilikaa sebuleni bila kompyuta. Meza ilionekana kubwa. Fundi alikuwa anaitazama saa ya ukutani kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Saa kumi na moja ilipogonga, kiti cha magurudumu kilichokuwa kimeegemezwa karibu na mlango wa bafu kikaondoka. Hakikufanya kelele. Kilikuwapo, halafu ukaonekana ukuta, na kwenye ukuta mistari miwili ya rangi iliyochubuliwa na mipini yake.

"Kile kiti kilikuwa kigumu kukikunja," shangazi alisema, akageuza upande wa ufumaji wake.

Ni kweli, na ni yeye peke yake aliyejua kukikunja. Kilikuwa cha mama yake fundi. Shangazi alifika nyumba ile siku mama alipoanguka, na begi moja la kahawia, akasema mlangoni, "Nimekuja kumwangalia wifi yangu." Hakuitwa, alisikia tu. Akamwangalia mwaka mzima na miezi minne. Mama alifariki Jumamosi alasiri, kwenye chumba cha pili, hatua tano kutoka kwenye meza ya kompyuta. Mara mbili shangazi alitokeza mlangoni kumwita fundi. "Njoo, mama yako anakuita, ana neno." Na mara mbili fundi alijibu, "Dakika moja, shangazi," maana alikuwa anamalizia sehemu ya leta na uzi wa mawazo ulikuwa umemkaa vizuri. Alipoinuka, neno lilikuwa limeshasemwa. Hakuuliza lilikuwa neno gani. Miaka miwili ilipita hakuuliza, na kila alipopita mlango wa chumba kile alikuwa na jambo la kufanya haraka kwingine.

Jumapili fundi aliirudisha kompyuta. Hakuwa na la kufanya. Ufagio ulikuwa umeshahamia ndani ya nyumba, na bila kompyuta asingejua zamu ni ya nani. Akaandika "mchukuzi orodha". Ukatokea mstari mmoja:

shangazi. Aliletwa kwa ajili ya: mama (ameondoka). Aliombwa: hapana. Alihitajika na: kiti cha magurudumu (kimefagiwa).

Akamwita mkewe, akamwonyesha mstari ule. Mkewe alisoma kama anavyosoma hesabu ya mwanafunzi, akitafuta mahali palipokosewa.

"Mtoe huyo Mchukuzi wako," alisema kwa sauti ya chini. "Mtoe leo hii."

Fundi akaandika "mchukuzi toa mchukuzi". Likaja jibu: Mchukuzi hatoki. Anategemewa na vyote. Hiyo nayo fundi aliiandika mwenyewe, zamani, ili mtu asije akamfuta kwa bahati mbaya.

"Basi mwandike shangazi kwamba tulimwomba."

"Daftari halibadiliki."

"Nani kasema?"

"Mimi."

Mkewe alirudi kochini, akachukua kalamu yake.

Ilibaki njia moja, kumpatia shangazi mtu wa kumhitaji. Fundi akaandika kwamba shangazi anahitajika na binti. Mchukuzi hakuamini maneno matupu. Fundi alikuwa amemfundisha kujaribu kwanza. Binti alikuwa sakafuni na ramani yake, na shangazi amekaa mbele yake kabisa, magoti yao yanakaribia kugusana. Kwa dakika moja binti hakumwona shangazi, aliyezoea kumwita bibi. Alinyoosha mkono kupitia mahali alipokuwa bibi, akachukua penseli ya bluu, akachora mto, akauendeleza mpaka baharini. Shangazi alirudisha magoti yake nyuma kidogo ili asimkwamishe. Dakika ilipokwisha Mchukuzi akaandika: Binti amejaribiwa bila shangazi. Anafanya kazi.

Akamjaribu mkewe. Kwa dakika nzima mwalimu aliendelea kusahihisha, akakuta kosa, akalizungushia wino. Anafanya kazi. Mwishowe fundi akajiandika mwenyewe. Kiti cha dirishani kikawa kitupu mbele ya macho yake, mto wake umetuna kama mpya, na vidole vyake fundi, mshenzi yule, vikaendelea kuandika bila kukosea herufi. Anafanya kazi. Alipomwona shangazi tena, alikuwa anahesabu vitanzi vya sweta na hakuinua uso. Fundi alitoka nje akasimama kwenye ngazi.

Wiki hiyo nyumba nzima ilihangaika. Mkewe alimpa shangazi kazi ya kupiga pasi; Mchukuzi akajibu kwamba mbadala upo. Wakakubaliana shangazi amfuate binti shuleni. Binti alisema, "Lakini mimi nimezoea kurudi mwenyewe," na kweli Jumanne alifika nyumbani, akala, akamaliza kazi za shule, ndipo shangazi akaingia anahema, ameenda na kurudi peke yake. Mbadala upo. Kila mlango waliojaribu waliukuta wameufunga wenyewe zamani. Walikuwa wamenunua birika linalojizima, ili shangazi asilikodolee macho. Walikuwa wamemfundisha mtoto kufunga viatu na kusuka nywele zake, ili asimchoshe bibi. Walikuwa wameajiri mtu wa kufua. Kila walichokifanya walikifanya kwa moyo mweupe, na kila mara walimwambia, "Pumzika, shangazi. Usijisumbue." Walikuwa wamempumzisha miaka miwili.

"Mimi nampenda," mkewe alisema Jumatano, amesimama jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi, machozi yanamlengalenga. "Mwandikie Mchukuzi hivyo. Mwambie tunampenda."

"Nimeshamwandikia. Hana sehemu ya hiyo."

"Hukumwekea?"

"Sikuiwaza."

Alhamisi taa ya korido, ile inayojiwasha mtu akipita, haikuwaka shangazi alipopita. Alitembea gizani kwa kupapasa ukuta, akafika chooni, akarudi. Fundi aliona yote kutoka kwenye meza. Shangazi alipofika kwenye kiti chake, kiti hakikulia, na kiti kile kilikuwa kinalia hata ukikiwekea gazeti.

"Zamu yangu imefika, siyo?" shangazi aliuliza.

"Shangazi, usiseme hivyo."

"Baba, mimi si mtoto. Miwani hii umenichongea mwenyewe, na orodha yako ina herufi kubwa kuliko gazeti." Akavuta uzi. "Pale kwenye simu tulikuwa wanawake sitini. Mtu akitaka kuongea na mji mwingine ananiambia mimi, nachomeka waya hapa, nachomeka pale, wanaongea. Ikaletwa mashine. Kila Ijumaa wakawa wanabandika karatasi mlangoni. Hatukufukuzwa, usije ukadhani. Walituambia tukapumzike."

"Ukafanyaje?"

"Nikapumzika. Wewe ungefanyaje?"

Fundi aliogopa, na alichokiogopa zaidi ni utulivu wa shangazi. Angelia, angelaani, yeye angepata pa kushika. Lakini shangazi alipima sweta kwenye mgongo wa kiti, akaona fupi, akaendelea.

Ijumaa kiwandani fundi alikata vioo vya wateja watatu akaviharibu vyote vitatu. Mteja mmoja, msusi mwenye maneno mengi, alivaa miwani yake mipya akasema anaona watu wote wamepinda. Fundi alimwomba radhi na kumwambia arudi wiki ijayo. Alibaki akiyarudia maneno hayo, wiki ijayo, mpaka anafunga kiwanda.

Jumamosi ya tatu walikaa kama walivyokaa ya kwanza. Madaftari kochini, ramani sakafuni, sweta dirishani. Mkewe hakuwa anasahihisha. Alikuwa ameshika daftari moja saa nzima bila kulifungua. Binti alikuwa ameacha kuchora na kumkumbatia bibi yake miguuni, na mikono yake ilikuwa inakaribiana zaidi kila dakika, kwa sababu alichokikumbatia kilikuwa kinapungua. Begi la kahawia lilikuwa karibu na mlango. Shangazi alikuwa amelipanga asubuhi.

"La nini hilo begi?" fundi aliuliza.

"Nilikuja nalo."

Saa kumi na dakika hamsini na moja. Fundi aliandika kila alichoweza kukiwaza. Shangazi anahitajika na saa ya ukutani. Mbadala upo. Na maua ya kibarazani. Yanafanya kazi. Na majirani. Hawamfahamu. Aligeuka amtazame, akaona dirisha kupitia kwenye bega lake, nondo zote sita za dirisha akazihesabu. Na nyuma ya shangazi kulikuwa na mlango wa chumba cha pili, ambao miaka miwili hakuutazama sawasawa. Sasa aliutazama. Akakumbuka sauti iliyomwita mara mbili pale mlangoni, na akatambua kwamba ikiondoka jioni hii inaondoka na kilichosemwa mle ndani, na hakuna mtu mwingine chini ya jua aliyekisikia.

"Shangazi," alisema, na sauti ilimtoka ya kitoto. "Mama alisema nini?"

Sindano zikasimama.

"Lini?"

"Siku ile. Uliponiita nikakosa kuja. Alisema nini?"

Shangazi alimtazama juu ya miwani, akafungua mdomo, na Mchukuzi, bila kuandikiwa, akaanza kumjaribu fundi upya. Kiti cha dirishani kikawa kitupu. Binti alibaki amekumbatia hewa. Fundi aliweka mikono juu ya herufi za kompyuta, na mikono haikujua la kufanya. Akajaribu kuandika jina lake mwenyewe, likamshinda. Alisimama, akaenda kwenye kiti, akapapasa mto, akaenda hadi chumba cha pili ambamo kulikuwa na kitanda kilichotandikwa, akarudi mbio, akaita, "Shangazi! Shangazi wee! Alisema nini?" Alipiga magoti mbele ya kiti kitupu, mwanamume mzima mwenye kiwanda chake, akalia kwa kwikwi mbele ya mkewe na binti yake, na pumzi ilipogoma kuingia alijua anakufa. Ilikuwa dakika moja. Yeye hakujua kama dakika moja ina urefu huo.

Kwenye dirisha jeusi kukaandikwa: Fundi amejaribiwa bila shangazi. Hafanyi kazi.

Saa ya ukutani ikagonga kumi na moja. Kilichofagiwa jioni ile kilikuwa begi la kahawia. Shangazi alikuwa kwenye kiti, mzito kama zamani, kiti kinalia chini yake, na kichwa cha fundi kilikuwa kwenye mapaja yake.

"Niambie sasa," fundi alisema.

Shangazi alimpangusa uso kwa sweta lililokuwa bado na sindano. Alifikiri. Alikuwa ameketi kwenye waya za watu miaka ishirini na sita na alijua simu ikishaongewa hukatwa.

"Nikikwambia leo, baba," alisema, "Jumamosi ijayo utanihitajia nini?"

Fundi aliinua kichwa. Mkewe akafungua daftari, akalifunga tena. Hakuna aliyempinga, maana hesabu ilikuwa sahihi.

Tangu hapo mambo yametulia. Wale wenzake arobaini na mmoja walimjibu ile barua yake ya onyo. Thelathini walisema kwao fagia inafanya kazi vizuri na wanaomba isiondolewe. Kwa kuwa Mchukuzi ni huria na yeyote ana haki ya kumnakili, Kobe alichukua nakala yenye ufagio, akamvisha jina jipya na picha nzuri, na sasa ana watumiaji elfu tisa. Juzi walimwomba aufanye upite kila siku badala ya kusubiri Jumamosi. Kliniki za mtaani zina viti vya kutosha siku hizi. Benchi la mbele ya kinyozi halina watu, na kinyozi ameweka kabati la mafuta ya nywele mahali pake. Shuleni kwa mwalimu, yule mwalimu mstaafu aliyekuwa anakuja kila asubuhi kusoma gazeti ofisini haji tena, na walimu wamegawana meza yake. Watu husema mji umekuwa mwepesi, hukwami ukipita.

Fundi aliwahi kuongeza kwenye Mchukuzi sehemu ya kupenda. Aliichapa kwa makini, akaijaribu, ikafanya kazi bila kasoro, akawapelekea watu wote. Waliipakua watu sita. Watano wakaizima kwa sababu inachelewesha.

Nyumbani taa ya korido inawaka shangazi akipita. Sweta lilikwisha na kufumuliwa mara mbili. Mkewe bado anamletea chai pale dirishani na kumwambia, "Usijisumbue, shangazi, kaa tu," na mara nyingine anajisikia akisema hivyo, anasimama, halafu anarudi jikoni. Shangazi ameanza kukohoa. Kikohozi kile fundi hukisikia hata akiwa kiwandani, na kioo humkatika mkononi.

Kila Jumamosi saa kumi na dakika hamsini anaacha kuandika, anavuta kiti chake hadi dirishani na kukaa mbele yake. Hana haja ya kuigiza. Kila wiki anataka kujua kuliko wiki iliyopita.

"Shangazi, mama alisema nini?"

Shangazi anasogeza sindano karibu na macho, midomo inachezacheza, kidole kimebana kitanzi asije akapoteza hesabu.

"Dakika moja, mwanangu," anasema, na saa inagonga kumi na moja.